Maktaba na Mpangilio wa Taarifa: Namna Mkazi wa Kata Anavyoweza Kupata Anachokitafuta

Hasara nyingi zinazowapata wananchi hutokea wakati taarifa ya kuzizuia ipo tayari, imeandikwa na kuhifadhiwa mahali, ila mwenye shida hajui pa kuitafuta. Kuku wa mtaa mzima huangamia kwa kideri ilhali maelezo ya chanjo yamechapishwa miaka mingi. Mkulima hupanda vipande vya mihogo vyenye ugonjwa ilhali dalili zake zimeelezwa kitabuni kwa picha. Ndugu hugombania mpaka wa shamba hadi kufikishana barazani, na kumbe mhutasari wa kikao kilichougawa mpaka huo umelala kabatini bila tarehe wala jina la jalada.

Kazi ya maktaba ni kuondoa umbali huo kati ya taarifa na mwenye kuihitaji. Wakazi wengi huifahamu maktaba kama chumba cha wanafunzi kujisomea mitihani, na kwa hakika hiyo ni mojawapo ya huduma zake. Lakini maktaba ni zaidi ya viti na ukimya. Ni utaratibu wa kuyapanga maarifa ili mtu yeyote, awe fundi, mkulima, mama lishe au mjumbe wa serikali ya kijiji, aweze kuyafikia kwa muda mfupi. Makala hii inaeleza utaratibu huo, namna ya kuutumia, na namna ya kuuhamishia nyumbani na katika ofisi za vijiji na mitaa.

Huduma ya maktaba za umma nchini

Huduma ya maktaba za umma ilipata msingi wa kisheria mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyoipa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania sura iliyo nayo. Bodi hiyo huendesha maktaba za mikoa na za baadhi ya wilaya, hutoa ushauri kwa shule na taasisi zinazotaka kuanzisha maktaba, na inacho chuo cha kufundishia wakutubi na watunza nyaraka huko Bagamoyo.

Maktaba hizo hazikukusudiwa watu wa mjini peke yao. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata maktaba ndogo ziliwekwa vijijini ili waliokwisha kujua kusoma wasije wakasahau kwa kukosa cha kusoma. Fikra iliyokuwa nyuma ya hatua hiyo bado ni ya kweli: mtu aliyefundishwa kusoma kisha akanyimwa maandishi ni sawa na aliyepewa jembe pasipo shamba.

Bodi hiyo vilevile ina wajibu ambao wananchi wengi hawaujui. Wachapishaji wa nchini hutakiwa kisheria kuikabidhi nakala za machapisho yao, ili kumbukumbu ya yaliyoandikwa katika taifa isipotee. Bodi pia ndiyo itoayo namba ya kimataifa ya utambulisho wa vitabu, ile inayoanza kwa herufi ISBN na kuonekana nyuma ya jalada. Tangu mwaka 2007 namba hiyo ina tarakimu 13, na kabla ya hapo ilikuwa na tarakimu 10. Kitabu chenye namba inayoanza 978-9976 au 978-9987 kimetolewa na mchapishaji aliyesajiliwa Tanzania. Mkazi anayetaka kununua au kuagiza kitabu mahususi, hasa cha kiada, hana budi kuinakili namba hiyo, kwa kuwa vitabu viwili huweza kuwa na jina moja lakini haviwezi kuwa na namba moja.

Namba iliyo mgongoni mwa kitabu

Mtu aingiapo maktaba kwa mara ya kwanza huona rafu ndefu na vitabu vyenye namba mgongoni. Namba hizo huwatisha wengi, nazo zimewekwa kwa ajili ya kuwasaidia. Zinatokana na mfumo wa uainishaji uliobuniwa na mkutubi wa Marekani, Melvil Dewey, na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Mfumo huo umerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, na hutumika katika maktaba za nchi nyingi duniani.

Dewey aliyagawa maarifa yote katika mafungu kumi. Fungu la 000 ni la maarifa ya jumla, zikiwamo ensaiklopidia na vitabu vya kompyuta. Fungu la 100 ni la falsafa na saikolojia, la 200 ni la dini, la 300 ni la sayansi za jamii kama vile sheria, elimu na uchumi. Fungu la 400 ni la lugha, la 500 ni la sayansi asilia na hisabati, la 600 ni la maarifa ya kazi kama vile tiba, kilimo, ufundi na biashara. Fungu la 700 ni la sanaa na michezo, la 800 ni la fasihi, na la 900 ni la historia na jiografia.

Kila fungu hugawanyika tena katika sehemu kumi, na kila sehemu katika vijisehemu kumi. Kwa hiyo 600 ni maarifa ya kazi, 630 ni kilimo, 636 ni ufugaji, na 636.5 ni kuku na ndege wengine wafugwao. Ufugaji wa nyuki umo katika 638, mboga katika 635, na mapishi katika 641.5. Uhasibu uko 657 na ujenzi uko 690. Anayetafuta methali na hekima za wazee ataelekea 398.9, historia ya Tanzania iko 967.8, na fasihi ya Kiswahili iko 896.392.

Faida ya mpango huu ni kwamba vitabu vya jambo moja hukaa pamoja. Mfugaji aliyeonyeshwa kitabu kimoja cha kuku hupata vingine kushoto na kulia kwake, hata vile ambavyo hakujua kuwa vipo. Kwa sababu hiyo wakutubi huwaomba wasomaji wasivirudishe vitabu rafuni wenyewe, bali waviache juu ya meza. Kitabu kilichowekwa mahali pasipo pake ni sawa na kitabu kilichopotea, maana katalogi itasema kipo na rafu itasema hakipo.

Liko jambo moja linalowachanganya wengi. Tarakimu zinazofuata nukta husomwa moja moja kama desimali, wala hazisomwi kama namba nzima. Kwa hiyo kitabu cha mbuzi chenye 636.39 hutangulia kitabu cha nguruwe chenye 636.4, ingawa 39 ni kubwa kuliko 4. Chini ya namba hizo huandikwa herufi chache za jina la mwandishi, ambazo huvipanga kwa alfabeti vitabu vyenye namba moja.

Ifahamike pia kwamba mfumo huu ulitungwa mbali, na unayo alama ya mahali ulikozaliwa. Katika fungu la dini, nafasi kubwa ilitengewa Ukristo, na Uislamu ukabanwa ndani ya 297. Dini za jadi za Afrika zimewekwa katika 299.6. Lugha za Kiafrika, pamoja na wingi wake, zimekusanywa katika 496, na Kiswahili kinapatikana 496.392. Msomaji asishangae basi akikuta namba ya kitabu cha Kiswahili ni ndefu kuliko ya Kiingereza. Urefu huo haupimi thamani ya lugha. Unaonyesha tu aliyeigawa rafu alikuwa amesimama wapi.

Katalogi na jina sahihi la jambo

Rafu huweza kukiweka kitabu mahali pamoja tu, lakini kitabu kimoja huweza kugusa mambo mengi. Hapo ndipo katalogi inapohitajika. Katalogi ni orodha ya kila kilichomo maktabani, iwe katika kadi ndogo zilizopangwa ndani ya droo au katika kompyuta. Huruhusu kutafuta kwa njia tatu: kwa jina la mwandishi, kwa jina la kitabu, na kwa somo lake. Asiyemjua mwandishi wala jina la kitabu bado anaweza kukipata kwa somo.

Ugumu wa kutafuta kwa somo ni kwamba jambo moja huwa na majina mengi. Ugonjwa unaoua kuku wengi wa kienyeji huitwa kideri na watu wa sehemu moja, na huitwa mdondo na wa sehemu nyingine, na wataalamu huuandika Newcastle. Mfugaji anayelijua jina la mdondo peke yake akitafuta kwa neno hilo huenda asione kitu, akaondoka akiamini kwamba hakuna kilichoandikwa. Katalogi iliyotengenezwa vizuri huchagua jina moja, huviweka vitabu vyote chini yake, kisha huacha kielekezi kwenye majina mengine, kikimwambia msomaji aangalie pale. Akifika hapo atakuta maelezo anayoyahitaji, kwa mfano kwamba chanjo ya I-2 inayohimili joto hutolewa kwa tone la jichoni kwa kuku wasiougua, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Kinyume chake pia hutokea, mambo mawili yakachukuliwa kuwa moja. Wakulima wengi huuita ugonjwa wowote wa mihogo batobato. Batobato huonekana kwa uwazi, kwa kuwa majani hujikunja na kuwa na mabaka ya manjano. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni mwingine. Mmea unaweza kuonekana mzima shambani, na mwenye shamba asijue hadi siku ya kuvuna anapokata muhogo na kukuta umeoza ndani. Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe na kwa kupanda vipande vya mbegu vilivyoambukizwa, lakini anayesubiri kuona majani yaliyojikunja ataukosa ule wa pili. Katalogi huyatenganisha magonjwa hayo, na kwa kufanya hivyo humfundisha msomaji kuuliza swali lililo sahihi zaidi.

Kwa sababu hizo, mkazi anayejiandaa kwenda maktaba afanye vyema kuandika kwenye karatasi majina yote ya jambo analolitafuta: jina la nyumbani, jina la Kiswahili sanifu, na jina la Kiingereza au la kitaalamu ikiwa analijua. Muda mfupi unaotumika kufanya hivyo huokoa saa nzima ya kuzunguka kati ya rafu.

Kukisoma kitabu kwa kutafuta

Baada ya kitabu kupatikana, si lazima kisomwe chote. Vitabu vya maarifa vina vielekezi vyao. Ukurasa wa yaliyomo, ulio mwanzoni, huonyesha sura kwa mpangilio wa mwandishi. Faharasa, iliyo mwishoni, huorodhesha mambo kwa alfabeti pamoja na kurasa zake. Anayetaka kujua kiasi cha mbegu ya alizeti kwa ekari aanzie kwenye faharasa, na anayetaka kuufahamu ukulima wa alizeti kwa jumla aanzie kwenye yaliyomo.

Kielekezi cha tatu ni mwaka wa kuchapishwa, ambao hupatikana nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Wengi huuruka, ilhali katika mambo ya tiba na sheria ndio unaoamua kama maelezo yafuatwe au yaachwe. Mfano wa malaria unatosha. Kwa miaka mingi klorokwini ilikuwa dawa ya kwanza ya ugonjwa huo nchini, na vitabu vya wakati huo viliieleza kwa usahihi kamili. Vimelea vikawa sugu, na mwaka 2001 nchi ikahamia dawa ya SP. Mwaka 2006 SP nayo ikaachwa kama tiba ya kwanza, ikaingia dawa mseto, ijapokuwa SP iliendelea kutumika kuwakinga wajawazito. Kitabu cha mwaka 1995 hakikudanganya kilipoandikwa, lakini mzazi atakayekifuata leo atamhatarisha mwanawe. Vitabu vya afya husomwa ili kuelewa; tiba yenyewe huamuliwa zahanati au kituo cha afya.

Sheria nazo zina historia ya namna hiyo. Umiliki wa ardhi katika vijiji husimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake. Kitabu cha ardhi kilichochapishwa kabla ya mwaka huo kina faida kwa mwanafunzi wa historia, lakini hakifai kumwongoza mtu anayeandaa shauri. Msomaji wa sheria hana budi kumuuliza mkutubi toleo lililorekebishwa karibuni zaidi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na hatua hiyo inazidi kumfungulia mwananchi mlango wa kujisomea mwenyewe.

Mkutubi na namna ya kumuuliza

Mkutubi si mlinzi wa vitabu. Amefunzwa kulisikiliza swali na kulitambua hitaji lililo nyuma yake, kwa kuwa watu wengi huuliza kwa mapana kuliko wanavyohitaji. Mazungumzo ya mezani huweza kuwa ya namna hii:

“Shikamoo, mama. Naomba vitabu vya kilimo.”

“Marahaba, mwanangu. Unalima zao gani?”

“Nyanya, mama.”

“Unataka kuanza, au umekwisha kupanda na kuna tatizo?”

“Nimeshapanda. Zinaoza kitako kabla hazijaiva.”

Kwa maswali mawili, rafu nzima ya kilimo imepungua hadi kurasa chache za magonjwa na upungufu wa madini katika nyanya. Laiti kijana huyo angepewa vitabu vya kilimo kama alivyoomba mwanzoni, angeondoka na mzigo mzito bila jibu. Kwa hiyo mkazi asiogope kulieleza tatizo lenyewe kama lilivyo, wala asione haya kusema kwamba hasomi Kiingereza, kwamba macho yake yanahitaji maandishi makubwa, au kwamba anamtafutia mzee aliye nyumbani. Maelezo hayo yote hubadili jibu.

Ni desturi ya taaluma ya ukutubi kuweka siri. Mtu anayeuliza habari za ugonjwa, talaka au mirathi ana haki ya kutegemea kwamba swali lake halitafika kijiweni. Kadhalika mkutubi haamui kesi wala haandiki dawa. Humwonyesha msomaji maandishi yaliyopo, na linapozidi uwezo wake humwelekeza kwa mwenye dhamana, iwe ofisa ugani, ofisa mifugo, mganga au ofisa ustawi wa jamii.

Maktaba katika zama za simu

Huulizwa mara nyingi kama maktaba bado ina haja, ilhali simu ya mkononi hutoa majibu papo hapo. Jibu limo katika tofauti ya mpangilio. Intaneti huleta mbele kilicho maarufu, kilichoandikwa kwa maneno yanayofanana na ya mwulizaji, au kilicholipiwa kama tangazo. Maktaba huleta kilichochaguliwa na mtu anayewajibika, kikiwa na jina la mwandishi, mchapishaji na mwaka. Ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya simu aghalabu hauna hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Hata hivyo mawili hayo hayagombani. Taasisi ya Elimu Tanzania inayo maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya shule. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua za vuli na za masika. Mkazi mwenye simu anaweza kuyafikia hayo, na mkutubi anaweza kumwonyesha njia. Kwa taarifa yoyote ya mtandaoni yafaa kujiuliza maswali manne kabla ya kuifuata: nani kaiandika, lini, kwa faida ya nani, na ni nani mwingine anayeithibitisha. Taarifa isiyojibu hata moja isitumike kuamua jambo la fedha, afya au ardhi.

Kuzipanga nyaraka za nyumbani

Kanuni zinazoongoza maktaba zaweza kutumika katika sanduku la nyumbani, na hapo ndipo faida yake huonekana haraka zaidi. Kaya nyingi huziweka hati zote katika mfuko mmoja. Siku ya kuandikisha mtoto shule, kudai mafao ya marehemu au kuomba mkopo, mfuko humwagwa kitandani, na cheti kinachotakiwa huwa ndicho kisichoonekana.

Kanuni ya kwanza ni kuziweka pamoja nyaraka za jambo moja. Bahasha sita zinatosha kwa kaya ya kawaida: ya utambulisho, yenye vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na nakala za vitambulisho vya taifa, ya ardhi na nyumba, ya elimu, ya afya, yenye kadi za kliniki na za bima, ya fedha, yenye mikataba, stakabadhi na daftari la kikoba, na ya kilimo na mifugo, yenye stakabadhi za pembejeo na za mauzo ya ushirika.

Kanuni ya pili ni kuandika juu ya kila bahasha jina la jambo, na kuzipanga hati zilizomo kwa tarehe. Kanuni ya tatu ni kuwa na orodha. Ukurasa mmoja wa daftari unaoonyesha kila hati na bahasha ilimo ndiyo katalogi ya nyumba. Orodha hiyo ijulikane na watu wazima wawili angalau, kwa sababu mara nyingi nyaraka huhitajika zaidi siku ambayo aliyeziweka hayupo tena kuulizwa. Wajane na yatima wengi husumbuka kwa ajili ya karatasi ambazo zipo nyumbani humo humo.

Kanuni ya nne ni kutenganisha hati asili na nakala. Nakala hutembezwa maofisini, na hati asili hubaki mahali pakavu, juu ya sakafu, ndani ya nailoni, mbali na mchwa na paa linalovuja. Picha ya hati iliyopigwa kwa simu husaidia kukumbuka namba zake, lakini haichukui nafasi ya hati yenyewe.

Kumbukumbu za kijiji na haki ya kuziona

Ofisi za umma nazo zina maktaba yake, inayoitwa masijala. Kila jalada lina namba, na kila barua huingizwa katika rejista kabla ya kujibiwa. Mkazi anayefuatilia barua yake atasaidiwa haraka akitaja namba ya kumbukumbu na tarehe, kuliko akieleza tu kwamba aliileta kabla ya mavuno. Kwa hiyo barua iandikwe katika nakala mbili, na nakala ya mwandishi igongwe muhuri wa kupokelewa.

Katika ngazi ya kijiji, sheria ya ardhi inataka kuwepo masijala ya ardhi inayotunza kumbukumbu za hatimiliki za kimila. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mihtasari yake ndiyo ushahidi wa maamuzi ya wananchi kuhusu ardhi, michango na mapato. Mhutasari usio na tarehe, mahudhurio na saini ni dhaifu mbele ya baraza, na uliotiwa saini ukapotea ni dhaifu zaidi. Mtendaji anayetumia muda wake kuyapanga majalada hafanyi kazi ya ziada. Anazilinda haki za watu ambao wengine bado hawajazaliwa.

Haki ya mwananchi kupata taarifa imetajwa katika ibara ya 18 ya Katiba, na utaratibu wake umewekwa na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ombi hufanywa kwa maandishi kwa ofisi inayoitunza taarifa, nayo hupaswa kujibu ndani ya siku 30. Zipo taarifa ambazo sheria inazizuia, kama zile zinazogusa usalama wa taifa au faragha ya mtu mwingine. Lakini mapato na matumizi ya kijiji hayamo katika siri hizo.

Pale ambapo maktaba iko mbali

Kata nyingi hazina maktaba ya umma, na nauli ya kufika mjini ni gharama halisi. Wakazi wa kata hizo wanazo njia kadhaa. Shule ya sekondari ya kata aghalabu ina chumba cha vitabu, na uongozi wa shule unaweza kuombwa uwaruhusu wakazi kukitumia baada ya masomo au siku ya Jumamosi. Misikiti na makanisa huwa na vitabu, na baadhi ya vyama vya ushirika hutunza vijarida vya kilimo. Ofisi ya kata inaweza kutenga kabati moja lenye rejista ya kuazima, na likasimamiwa na mtu mmoja anayeaminika. Vitabu hamsini vilivyopangwa na kuorodheshwa vina manufaa kuliko mia tano vilivyorundikwa sakafuni.

Wanaotaka kuanzisha kabati la namna hiyo waombe ushauri wa Bodi ya Huduma za Maktaba kupitia maktaba ya mkoa kabla ya kupokea misaada ya vitabu. Si kila kitabu kinachotolewa bure kinafaa. Kitabu cha mtaala uliokwisha kubadilishwa, au kilichoandikwa kwa lugha ambayo hakuna aisomaye, hujaza rafu na kumkatisha tamaa mtoto aliyekuja mara ya kwanza.

Kwa mkazi anayekusudia kwenda maktaba ya mkoa au ya wilaya, maandalizi ni machache. Achukue kitambulisho, kalamu na daftari. Aandike swali lake kwa sentensi moja, pamoja na majina yote ya jambo hilo anayoyajua. Afikapo, aulize kwanza saa za huduma, masharti ya uanachama na ada ya kuazima, kwa kuwa kusoma ndani na kuazima huweza kuwa na masharti tofauti. Ampe mkutubi swali lake kama lilivyo. Apatapo kitabu, atazame mwaka, kisha yaliyomo na faharasa, na anakilipo jambo aandike pia jina la kitabu, mwandishi, mwaka na ukurasa. Namba ya mgongoni aiandike pembeni, ili siku atakaporudi aende moja kwa moja kwenye rafu ile ile.